Simu Inayolia Alfajiri: Mwandishi wa Hadithi Aanzie Wapi

Aya ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote katika miswada inayofika kwenye meza yetu ya uhariri ni ya namna hii:

"Saida alikuwa na huzuni kubwa kwa sababu mume wake alikuwa amefariki dunia. Alilia usiku na mchana. Maisha yalikuwa magumu sana."

Sarufi iko sawa, tahajia haina kosa, na bado msomaji hasikii chochote. Amepewa habari ya msiba, hakuingizwa nyumbani kwa mfiwa.

Mwandishi akirudishiwa aya kama hiyo, mara nyingi hukimbilia mapambo. Huzuni "inamtafuna mithili ya mchwa", machozi "yanamtiririka njia mbilimbili", usiku unakuwa wa "giza totoro". Nawaelewa, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba uzuri wa insha ni tamathali za semi. Lakini aya ile haikupungukiwa mapambo. Imepungukiwa kitendo. Swali ninaloliandika pembeni mwa mswada ni moja tu: Saida anafanya nini?

Tujaribu kulijibu.

"Kila usiku kabla ya kulala, Saida huchomeka simu ya marehemu kwenye chaji. Saa kumi na moja alfajiri kengele yake hulia, ile aliyoitega marehemu mwenyewe ili awahi kazini. Saida huiacha ilie mpaka inyamaze yenyewe. Kisha huamka."

Neno huzuni halimo. Kilio hakimo. Lakini msomaji aliyewahi kufiwa atasimama hapo kidogo, na ambaye hajafiwa atajua kitu ambacho hakukijua. Kulia hulia kila mtu, kwa hiyo kilio hakinitambulishi kwa Saida. Kuichaji simu ya marehemu ili ilie alfajiri, hilo ni lake peke yake. Ukishapata jambo moja la namna hiyo, ambalo mhusika wako analifanya na mwingine asingelifanya, umeshampata mhusika. Urefu wake, rangi ya nguo zake na umbo la uso wake vinaweza kusubiri, au visije kabisa.

Mambo haya hayabuniwi yote mezani. Yanaokotwa. Beba daftari dogo, au tumia simu yako, uandike unachokiona watu wakikifanya wanapodhani hawatazamwi: mtu anayesoma ujumbe mara tatu kabla ya kuufuta, mzee anayehesabu vidonge vyake kwa sauti. Usiandike ulivyohisi. Andika alichofanya, kwa sentensi moja, na uiache ikae. Miezi mingi baadaye utaifungua na kukuta inakungoja.

Mazoea yavunjike

Ile aya ya simu ni nzuri, lakini bado si hadithi. Tazama kiambishi kinachotawala: huchomeka, hulia, huiacha, huamka. Hu- ni kiambishi cha mazoea, na mazoea yanaweza kuendelea milele bila jambo lolote kutokea. Hadithi huanza siku mazoea yanapovunjika:

"Alfajiri moja kengele haikulia. Saida akaamka jua limeshatoka."

Msomaji wa Kiswahili anaisikia hu- ikikatika hata kama hajawahi kusoma sarufi. Papo hapo anauliza: kwa nini haikulia? Basi ameshakamatwa.

Sasa, nani ameizima? Tuseme ni Idi, mtoto wake wa kiume. Hapa waandishi wengi chipukizi huteleza. Wanamfanya Idi kuwa mtoto mkaidi asiye na huruma, ili msomaji ajue amwonee nani hasira. Mgogoro wa namna hiyo unakwisha haraka, kwa kuwa msomaji ameshatoa hukumu ukurasa wa pili. Mpe Idi haki yake. Miezi mitatu amekuwa akimsikia mama yake akiamka alfajiri bila sababu, akimwona anakonda, naye haijui njia nyingine ya kumsaidia. Mama anataka kengele ilie. Mwana anataka mama alale. Wote wawili wana haki, na nyumba ni moja. Mgogoro kama huo unaweza kubeba hadithi fupi nzima bila kuhitaji jambazi, ajali wala siri ya ukoo.

Viambishi vinavyobeba hadithi

Niseme jambo kuhusu lugha, kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa kwa waandishi wetu umechukuliwa kutoka lugha nyingine, na Kiswahili kina zana zake zilizo tayari. Soma hii:

"Saida aliamka. Aliona jua dirishani. Alichukua simu. Aliona kengele imefutwa. Alienda chumbani kwa Idi."

Kila kitendo kimesimama peke yake kama nguzo, hakuna kinachomshika mwenzake. Sasa soma hii:

"Saida aliamka, akaona jua dirishani, akaichukua simu. Kengele ilikuwa imefutwa. Alipofika mlangoni kwa Idi alimkuta ameketi kitandani, akimsubiri."

-ka- hubeba tendo jipya mgongoni mwa tendo lililotangulia, ndiyo maana masimulizi ya mdomo yote yamejaa -ka-. Lakini ukiitumia bila kupumzika, hadithi inakimbia hovyo. Angalia nilipoivunja: "Kengele ilikuwa imefutwa." Sentensi fupi, bila -ka-. Msomaji anasimama pale pale Saida aliposimama. Na -ki- katika "akimsubiri" inafanya kazi ambayo ingehitaji sentensi nzima. Inatuambia Idi alikuwa macho tangu mapema, na alijua mama atakuja.

Mwandishi anayezijua -li-, -ka-, -ki-, -me- na hu- kwa sikio, si kwa kanuni, tayari ana vidhibiti vya kasi vya hadithi yake mkononi. Zoezi jepesi: chukua ukurasa wako mmoja, uwekee mstari kila kitenzi, kisha usome viambishi peke yake. Utaona mahali hadithi ilipolala.

Kuhusu "ambaye" na ndugu zake nitasema kwa kifupi. Mwanamke ambaye alikuwa analia ni sahihi, ila mwanamke aliyekuwa akilia huenda kwa wepesi zaidi. Usiipige marufuku, ipunguze. Na semi zilizochakaa, moyo kwenda mbio, kimya kutanda, jasho jembamba kumtoka, ziache zikusaidie rasimu ya kwanza isonge, kisha uzing'oe moja moja.

Mazungumzo yasiyosema kila kitu

Huu ni mfano wa mazungumzo tunayoyapokea:

"Idi mwanangu, kama unavyojua, baba yako alifariki miezi mitatu iliyopita na mimi nina majonzi makubwa."

Idi anajua. Alikuwepo. Hapa Saida anazungumza na msomaji huku akijifanya anazungumza na mwanawe. Msomaji si mjinga, anaweza kusubiri. Mpe hivi:

"Umeishika simu ya baba yako?"

"Leo umelala mpaka saa moja, mama. Tangu lini hujalala hivyo?"

"Sikukuuliza habari ya usingizi."

"Ulikuwa unakoroma. Nilisimama mlangoni nikakusikiliza."

Mama anauliza kuhusu simu, mwana anajibu kuhusu usingizi. Hakuna anayetaja kifo wala kumwambia mwenzake kwamba anampenda. Lakini mtoto aliyesimama mlangoni kumsikiliza mama yake akikoroma amesema yote, na pengine mama ameelewa, ndiyo maana hana jibu. Mazungumzo yako yakishaandikwa, yasome kwa sauti, ikiwezekana ukiwa na mtu wa kusoma upande wa pili. Panapokukwama ulimi, msomaji naye atakwama.

Kumaliza

Ninayo masikitiko ya kweli kuhusu sura za kwanza. Tumeona nyingi mno zilizong'arishwa mara kumi, na sura ya saba haikuwahi kuandikwa. Mwandishi anarudi nyuma kila siku kusahihisha alichoandika jana, mwaka unakwisha yuko pale pale, kisha anajiambia hana kipaji. Kipaji hakihusiki hapo. Rasimu ya kwanza ina kazi moja, nayo ni kufika mwisho. Iruhusu iwe na mashimo. Ukikwama mahali, andika kwenye mabano "hapa wanagombana kuhusu simu" na usonge mbele.

Wengi husema hawana muda, na wengi wanasema kweli. Mwandishi wa Marekani Toni Morrison aliandika riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1970, akiwa mhariri mwajiriwa na akilea watoto wawili peke yake. Alizoea kuandika kabla hakujapambazuka. Anthony Trollope wa Uingereza alifanya kazi ya posta kwa miaka zaidi ya 30, na aliandika riwaya 47. Aliketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuweka saa mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kwa kila robo saa. Sikushauri uige kasi yake. Chukua ile saa. Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni maneno 1,500. Katika wiki 40 una maneno 60,000, na hiyo ni riwaya kamili. Kwa Kiswahili ni nene zaidi ya inavyoonekana, kwa kuwa neno letu moja kama "nitakapomwona" hubeba kile ambacho Kiingereza hukigawa katika maneno manne au matano. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba riwaya lazima ifikie idadi fulani, kumbuka kipimo hicho pengine hakikutungwa kwa lugha yako.

Jambo moja linalosaidia sana: kila siku acha kuandika ukiwa bado unajua sentensi inayofuata. Kesho hutaanza na ukurasa mtupu.

Rasimu ikishamalizika, ifungie wiki tatu au nne. Ukiirudia utaisoma kama mgeni, na mgeni huona vumbi ambalo mwenyeji amelizoea. Kwanza kabisa tazama mwanzo. Hadithi ya Saida ingeweza kuanza na harusi yake, ikapita ugonjwa wa mume, hospitali, mazishi, ndipo tufike kwenye simu. Kurasa hizo zilikuwa za lazima kwako wewe uliyekuwa unamtafuta Saida. Kwa msomaji hadithi inaanza alfajiri kengele iliponyamaza. Kata bila huruma, ila ulichokata kihifadhi.

Kisha mpe mswada watu wawili au watatu wanaosoma hadithi kwa hiari yao. Usiwaulize "imekuaje?", maana watakujibu kwa adabu. Waulize: ulichoka ukurasa wa ngapi? Nani uliyemsahau? Ulidhani nini kingetokea? Wakikuambia kuna tatizo mahali, karibu kila mara wana haki. Wakikuambia jinsi ya kulitatua, sikiliza, halafu fuata hadithi yako.

Weka nakala zaidi ya moja, na moja isikae kwenye kompyuta unayoandikia. Mwaka 1957 mwandishi wa Nigeria Chinua Achebe alituma London nakala pekee ya mswada wake wa kwanza, ulioandikwa kwa mkono, ili uchapwe kwa taipu. Ukakaa miezi mingi bila jibu, mpaka mfanyakazi mwenzake alipokwenda ofisini kwa wachapaji hao kuuulizia. Riwaya ikatoka 1958. Ingeweza kupotea.

Kwa wanaotafuta mchapishaji: soma masharti yake na uyafuate, kuanzia ukubwa wa herufi hadi muhtasari. Mchapishaji anayewekeza katika kitabu chako ndiye anayekulipa wewe, kwa kawaida kwa mrabaha, yaani asilimia ya mauzo. Anayekudai ada ili akuchapishe anakuuzia huduma. Unaweza kuinunua kwa hiari yako, lakini iite kwa jina lake halisi na uelewe haki gani za kazi yako unazitia saini. Na ukikataliwa, tofautisha barua isiyo na maelezo, ambayo haikufundishi kitu, na ile iliyotaja hata kosa moja mahususi. Hiyo ya pili mtu ameisoma kazi yako mpaka akaumia kuiacha. Itendee kazi.

Nimeuacha mwisho wa hadithi ya Saida kwa makusudi, kwa kuwa mwisho ndio unaowashinda wengi. Wanaharakisha kupatanisha, au wanamuua mtu. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alisema mwaka 1958 kwamba ukurasa wa mwisho wa mojawapo ya riwaya zake aliuandika upya mara 39 kabla ya kuridhika. Tatizo, alivyolieleza, lilikuwa kuyapata maneno sawasawa. Kwa hiyo usishangae ukiandika mwisho wako mara nne na bado haujakaa.

Nikupe kitu kimoja cha kuanzia. Simu ile ilikuwa ya marehemu, na Saida hajui kuitega kengele. Katika nyumba ile anayejua ni Idi peke yake, yule yule aliyeifuta. Usiku umeingia, wameketi kitandani, simu iko katikati yao kwenye shuka, chaji imeshachomekwa. Una maneno 300, na hakuna anayeruhusiwa kulia.