Scrabble ya Kiingereza mjini Goma: dhana potofu na ukweli

Kila Jumamosi, klabu yetu ya Kiingereza hapa Himbi, Goma, hukunjua ubao wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vibao vya herufi zenye pointi, baada ya mazoezi ya kuzungumza, na mabishano ni yaleyale. Nayaandikia kwa sababu nimeona vijana wenye akili wakiuacha mchezo kwa ajili yake.

"AA si neno, ni sauti ya mtu aliyeumia."
AA ni lava. Neno limetoka Hawaii, nalo ni jina la lava ikishapoa ikawa mabonge makali ya kuchana. Ile inayopoa laini, yenye mikunjo kama kamba, huitwa PAHOEHOE, na hilo pia linakubalika. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava katikati ya mji huu Januari 2002, ikarudi kutunyemelea Mei 2021. Mawe yake tunajengea kuta, njia zake zinatumalizia viatu. Mtoto wa Goma akilisahau neno hili, nani atalikumbuka?

"Ukishika Q bila U, umekwisha."
Hii ndiyo inayonisikitisha zaidi, maana mwenye Kiswahili ana ufunguo mfukoni. Orodha ya maneno ya Collins, inayotumika katika mashindano mengi ya kimataifa, inakubali SUQ, yaani soko. Inakubali TALAQ, ambayo ni talaka, WAQF, wakfu, QIBLA, kibla, QADI, kadhi. Waingereza waliyachukua kwa Waarabu kama tulivyoyachukua sisi, ila sisi tukaandika k, wao wakaiacha q. Basi Q ikikukalia, pitisha kichwani maneno yetu yenye asili ya Kiarabu kabla ya kukata tamaa. Ongeza QAT, mirungi.

QI haitoki huko. Ni neno la Kichina, nguvu ya uhai iliyo mwilini. Herufi mbili tu, lakini Q ikiangukia mraba unaozidisha herufi mara tatu, na QI ikasomeka kwa kulala na kwa kushuka, unaandikiwa pointi 62 kwa mkupuo.

"Maneno yetu yamo, kwa hiyo tuyaandike tunavyoyatamka."
Yamo kweli: SAFARI, ASKARI, UHURU, BWANA, MZEE. Lakini huku tunasema "muzee", na mwenzangu alipoteza zamu kwa kuliandika hivyo. Wingi nao hufuata Kiingereza: BWANAS, kamwe si MABWANA.

"Sanduku la Kifaransa linatosha."
Scrabble nyingi tunazozipata hapa ni za Kifaransa, na wengi huzichezea Kiingereza bila kufikiri mara mbili. Hesabu inaharibika. Sanduku la Kifaransa lina vibao 102, la Kiingereza 100. Kwa Kifaransa W ni moja tu, yenye pointi 10. Kwa Kiingereza ziko mbili, kila moja pointi 4. Y ni vivyo hivyo. Pointi za K hushuka kutoka 10 hadi 5, na vibao vya E hupungua kutoka 15 hadi 12. Ukicheza na sanduku lisilo lake, neno jepesi la Kiingereza kama WAY linakupa pointi za bure. Sisi tulikata maboksi magumu, tukaandika vibao vyetu 98 na viwili vitupu.

"Huruhusiwi kuweka neno usilolijua maana."
Unaruhusiwa, mradi limo kwenye orodha. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 naye hakizungumzi Kifaransa; alikuwa amesoma kamusi kwa wiki tisa hivi.

Hata hivyo, mimi huwafundisha vijana maana pia, kwa kuwa ndiyo inayoligandisha neno. CWM halikukaa kichwani mwangu hadi nilipojifunza kwamba ni bonde lenye umbo la bakuli ubavuni mwa mlima, na kwamba kwao Wales w ni irabu, husomwa kama u yetu. Tangu hapo nalisoma "kum", na sijalisahau tena.