Sonona ya Kijana Anayeitwa Mkaidi

Vijana wengi wanaoletwa kliniki na wazazi wao huja wakiwa na mashtaka: amekuwa mjeuri, ameporomoka darasani, anajifungia chumbani, akiulizwa neno anafoka. Wachache sana husema wenyewe kwamba wana huzuni. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, katika umri huo mara nyingi hujitokeza kwa hasira za karibu, maumivu ya tumbo au kichwa ambayo vipimo havionyeshi chanzo chake, usingizi kuvurugika, na kupoteza hamu ya michezo na marafiki. Hali hiyo ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kijana anahitaji kuonwa na mtaalamu; fimbo, ambayo ndiyo tiba ya kwanza katika nyumba nyingi, humwongezea maumivu.

Nyuma ya dalili hizo mara nyingi kuna kiwewe cha utotoni, yaani jeraha la moyo linaloachwa na ukatili au tukio la kutisha. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulibaini kuwa takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya vijana walipitia ukatili wa kimwili, mara nyingi mikononi mwa ndugu na walimu. Tunapenda kusema kwamba mtoto husahau. Huenda asikumbuke siku wala maneno, lakini mwili uliozoea kuishi kwa hofu huendelea kukaa macho, ukimwaga homoni za msongo hata pasipo hatari, na mtoto hukua akishtuka kwa mlango uliobamizwa au sauti iliyopandishwa.

Si kila aliyeumizwa huugua, hasa akiwa na mtu mzima mmoja anayemwamini na ambaye naye humsadiki. Urithi nao una nafasi yake, zaidi katika ugonjwa wa hisia mseto, ambapo vipindi vya sonona hupishana na vipindi vya uchangamfu uliopitiliza: kijana halali na hachoki, anazungumza mfululizo, anatumia fedha ovyo. Mtaalamu aelezwe habari za vipindi hivyo, kwa kuwa dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kuvichochea.

Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe imejaribiwa Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, katika utafiti wa watoto 640 waliofiwa na mzazi, ikitolewa katika vikundi na washauri wa kawaida waliopewa mafunzo, na katika maeneo mengi ya utafiti ilipunguza dalili kuliko huduma za kawaida. Upungufu wa madaktari wa akili, kwa hiyo, hautoshi kuwa sababu ya kumwacha mtoto bila msaada.

Kijana akitamka kwamba amechoka kuishi, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Ondoa sumu, dawa na kamba karibu naye, usimwache peke yake, na umfikishe hospitali siku hiyohiyo. Nchini Tanzania na Kenya, simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bila malipo.