Kupona kwa tangi la matumbawe: maana yake baada ya maji kuharibika

Tangi la matumbawe limepona pale linaporudiwa na uwezo wa kuondoa uchafu wake lenyewe, vipimo vya sumu ndani ya maji vikatulia kwa majuma kadhaa bila kushikiliwa kila siku, na matumbawe yaliyonusurika yakaanza tena kujenga mifupa yake ya chokaa. Wafugaji wengi hutangaza kupona mapema zaidi ya hapo: maji yakishang'aa na samaki wakiacha kuhema juu juu, wanaona yamekwisha. Ukweli ni kwamba maji huweza kung'aa kesho yake tu ilhali tangi bado ni gonjwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya kilichokufa haikuwa ikielea ndani ya maji. Ilikuwa imejishika juu ya mawe, katikati ya chembe za mchanga na ndani ya sponji ya chujio.

Kilichojishika huko ni bakteria. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yao, na chakula kilichobaki, pamoja na mzoga wa konokono aliyekwama nyuma ya jiwe, huoza na kutoa amonia hiyo hiyo. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa naitraiti, kundi jingine likaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo viumbe wa tangini huivumilia kwa kiasi. Amonia ndiyo muuaji. Naitraiti, ambayo ni sumu kali kwa samaki wa maji baridi, hupungua makali katika maji ya chumvi kwa sababu kloridi nyingi iliyomo huizuia kuingia mwilini kupitia matamvua. Jambo la kuzingatia ni mwendo wa bakteria hawa. Wapo bakteria wanaoweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa, lakini hawa wa kula amonia huhitaji takriban siku nzima, na mara nyingine zaidi. Kundi lililobaki sehemu moja tu ya mia litahitaji juma zima au zaidi kurudi lilipokuwa, hata mambo yote yakienda vizuri.

Anayefuga matumbawe Dodoma huanza na upungufu ambao mwenzake wa Dar es Salaam hana. Mji uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 12, hivyo hata oksijeni inayoweza kuyeyuka ndani ya maji hupungua kwa kiwango hicho hicho. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 hubeba karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita yakiwa pwani. Maji hayo hayo yakiletwa Dodoma hayafiki 6. Sasa, ili bakteria wamalize miligramu 1 ya naitrojeni iliyomo kwenye amonia, hutumia takriban miligramu 4.6 za oksijeni. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja utaona kwa nini tangi la huku, likishajaa amonia, hukosa hewa upesi, na kwa nini pampu ya hewa ni sehemu ya tiba wala si pambo la mapovu.

Janga lenyewe mara nyingi huanza usiku umeme unapokatika. Pampu husimama, uso wa maji hutulia, na mwezi wa Julai, ambapo usiku wa Dodoma hushuka hadi nyuzi 14 au chini ya hapo, hita nayo imelala. Hatari iliyojificha zaidi iko ndani ya chujio la kopo lililofungwa. Bakteria wake hutumia oksijeni yote iliyomo kwa saa chache, kisha hufa, na wengine wasiohitaji hewa huchukua nafasi na kuzalisha gesi yenye harufu ya yai viza. Umeme ukirudi alfajiri, pampu husukuma uozo huo wote moja kwa moja kwenye tangi lililokuwa bado lina nafuu. Kwa hiyo chujio la namna hiyo lifunguliwe, maji yake yamwagwe na sponji isuuzwe kwa maji ya chumvi kabla ya swichi kuwashwa. Wengi hukimbilia kuwasha kwanza, na hapo ndipo vifo vinapoanza.

Katika saa za mwanzo kazi ni kuokoa, na hewa hutangulia kila kitu. Pasipo umeme, kuchota maji kwa jagi na kuyamimina tena kutoka juu, mara kwa mara, huwafikisha samaki asubuhi. Pampu ndogo ya betri hufanya vizuri zaidi. Mizoga itolewe. Baada ya hapo upimwe chumvi, joto, pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali inapozidi) na amonia, kwa mpangilio huo, ndipo sehemu ya robo au theluthi ya maji ibadilishwe. Hapa pana mtego. Amonia ina sura mbili ndani ya maji, moja ikiwa na sumu kali na nyingine ikiwa na sumu ndogo, na uwiano wake hufuata pH: kutoka 7.8 hadi 8.3 tu, sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara tatu. Tangi lililokosa hewa usiku kucha limejaza kabonidayoksaidi na pH yake imeshuka, kumbe hilo ndilo lililokuwa likipunguza makali. Ukianza kulipa hewa, pH hupanda na amonia ile ile ikawa kali zaidi. Hewa haiachwi kwa sababu hiyo, ila kubadilisha maji, au kutia dawa ya kufunga amonia, kuende sambamba nayo, kusingoje jioni.

Maji ya kubadilishia ndiyo shida kubwa ya mkazi wa katikati ya nchi. Maji ya visima, ambayo ndiyo tegemeo la mji huu kupitia bonde la Makutupora, yana madini mengi, na kila mwenye birika nyumbani ameyaona magamba meupe yanayoganda ndani yake. Yale ya bomba yana klorini pia, inayoua bakteria wale wale tunaojaribu kuwarudisha. Yafaayo ni maji yaliyochujwa hadi madini yakaisha, kama yanavyopatikana kwenye baadhi ya maduka ya maji ya kunywa yenye mashine za kuchuja, ilimradi muuzaji hajayarudishia madini kwa ajili ya ladha. Kifaa kidogo cha kupima madini yaliyoyeyuka humaliza ubishi huo palepale kaunta. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta yaachwe, kwa kuwa jina hilo moja huitiwa maji yaliyokenekwa na wakati mwingine tindikali. Chumvi ya mezani nayo haifai: karibu yote ni sodiamu na kloridi, ilhali bahari ina pia magnesi, kalisi, salfeti na potasi, ambazo matumbawe huzihitaji. Itumike chumvi maalumu ya tangi la bahari, hadi kufikia gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Madumu ya maji ya bahari kutoka pwani yanawezekana, lakini ni safari ya kilomita 450 hivi, na maji yaliyochotwa karibu na mji au bandari huja na uchafu wake.

Pamoja na hayo, ukame wa hewa ya Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba huyakausha maji ya tangi kwa kasi na kuiacha chumvi nyuma. Tangi la lita 300 linalopoteza lita 4 kwa siku, likiachwa siku tatu, hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu 36.5. Kinachoongezwa hapo ni maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kila siku, kwani mshtuko wa kushusha chumvi kwa mkupuo huumiza kuliko chumvi iliyozidi.

Siku zinazofuata humtaka mfugaji azuie mikono yake, na kwa maoni yangu hapa ndipo matangi mengi yaliyokuwa yanapona huharibiwa. Mawe yasisuguliwe yote, mchanga usifukuliwe, na sponji isioshwe bombani, kwa sababu ndimo mlimosalia mbegu ya bakteria. Chakula kipunguzwe hadi nusu au chini yake. Taa nazo zishushwe. Matumbawe huishi na mwani mdogo sana ndani ya ngozi yake, na mwani huo huyalisha kwa kutumia mwanga. Lakini tumbawe lililodhoofika likipigwa na mwanga mkali, mwani wake huzalisha oksijeni yenye madhara, na tumbawe huufukuza likabaki jeupe. Mwanga urudishwe polepole kwa muda wa majuma mawili au matatu.

Kisha tangi litachakaa machoni. Vumbi la kahawia litatanda mchangani, litafuatiwa na mwani wa kijani kwenye vioo, na pengine utando mwekundu unaobanduka kama karatasi. Hizo ni hatua za kupona, zinazolishwa na naitreti na fosfeti zilizoachwa na mizoga, nazo hupungua zenyewe kadiri bakteria na konokono wanavyoshika kazi. Anayepambana nazo hadi naitreti na fosfeti zikafika sifuri kabisa huyanyima matumbawe chakula, na huweza kuvifungulia njia viumbe wengine wa utando wa kahawia wenye kamasi, ambao ni wagumu kuondoa kuliko mwani wowote.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote katika kupona ni ualkali, yaani wingi wa kaboneti na jamaa zake zinazozuia pH isishuke, na kinasomwa kinyume na wengi wanavyotarajia. Tumbawe hujenga mfupa kwa kuchukua kalisi na kaboneti kutoka kwenye maji. Likiumwa, huacha kujenga, na ualkali husimama palepale, tuseme dKH 8 (dKH ni kizio cha kupimia ualkali), siku baada ya siku. Mfugaji hufurahia utulivu huo, kumbe ni utulivu wa fundi aliyelala. Siku kipimo kinapoanza kushuka kidogo kila siku, kikipimwa saa ile ile, ndipo ujenzi umeanza upya. Ila bakteria wanaomaliza amonia nao hula ualkali, kwa hiyo usomaji huu una maana baada ya amonia kufika sifuri, na kalisi ndiyo shahidi: kila dKH 2.8 zinazotumika kujenga mfupa huondoka na takriban miligramu 20 za kalisi kwa lita. Vikishuka pamoja kwa uwiano huo, ni mfupa. Hapo ndipo mfugaji arudishie kinachotumika, bila kupandisha zaidi ya dKH 1 kwa siku.

Machoni, tumbawe lililopauka lisichanganywe na lililokufa. Lililopauka ni jeupe lakini ngozi yake ingalipo, na polipi zake, yaani vijiumbe vyake vyenye mdomo na minyiri, huweza kutoka usiku. Lililokufa ni mfupa mtupu, na ndani ya siku chache mwani hulivamia. Matumbawe laini kwa kawaida huchanua mapema, na yale ya matawi yenye polipi ndogo huja mwisho. Mwani mgumu wa rangi ya waridi ukianza kuenea juu ya mawe ni dalili njema, kwa kuwa nao hujijenga kwa chokaa.

Kupona kwa tangi kunatofautiana na kupona kwa mwamba wa baharini. Miamba ya Mafia iliyopauka mwaka 1998 iliweza kupokea mabuu ya matumbawe yaliyoletwa na mikondo kutoka kwingine; tangi la sebuleni halina mkondo wa namna hiyo, na kilichokufa hurudi tu kwa vipande vilivyosalia au vilivyopatikana kwa mfugaji mwingine. Kwenda kubandua matumbawe baharini si njia: matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na ndani ya hifadhi za bahari yanalindwa na sheria ya mwaka 1994.

Samaki wapya waingizwe mmoja mmoja, tena baada ya jaribio dogo: chakula kirudishwe kwenye kiasi cha zamani kwa siku kadhaa, na amonia ipimwe kila asubuhi. Ikibaki sifuri, samaki mmoja mdogo anaweza kuingia, na yule mkubwa mwenye kula sana awe wa mwisho.