Betri ya gari la umeme: maneno ya kijiweni Tanga na ukweli wenyewe

Kaa kijiweni Ngamiani au Chumbageni, likipita gari la umeme tu utamsikia mtu anatoa darasa la betri, na nusu ya hilo darasa limetoka kwenye simu za zamani na betri za sola.

Lililo sugu kuliko yote ni hili, "iache iishe kabisa ndo uchaji, ukichaji kidogo kidogo unaizoesha vibaya". Hayo yalikuwa mambo ya betri za zamani za nikeli kadmiamu jamani, hizi za magari ya umeme ni lithiamu, na lithiamu haina tabia hiyo. Umerudi kazini na asilimia 45, chomeka tu. Kinachoiumiza ni kuishusha mpaka sifuri kila mara, na ukiiacha sifuri halafu ukasafiri wiki kadhaa ndo umeikomoa kabisa.

Wengine wamesikia "usivuke 80" wakaifanya sheria ya kila gari. Inategemea betri yako ni ya aina gani. Zile lithiamu zenye nikeli, manganizi na kobalti (NMC), sawa, matumizi ya kila siku ishia 80. Ila zile lithiamu zenye chuma na fosfeti (LFP), Tesla wenyewe wanawaambia wenye nazo wajaze mpaka 100 angalau mara moja kwa wiki, maana volti yake haishuki sana betri ikiwa katikati, kwa hiyo kompyuta ya gari inapoteza hesabu na asilimia unayoiona kwenye dashibodi inaanza kukudanganya. Na hata NMC, kesho una safari ya Dar, jaza 100 asubuhi uondoke. Kufika mia sio tatizo, tatizo kukaa mia, tena kukaa mia juani.

Hapo kwenye jua ndo watu wa Tanga hatupasemi kabisa, kila mtu yuko bize na asilimia. Joto linaila lithiamu hata gari likiwa limezimwa. Nissan Leaf, ambazo ndo nyingi kwenye hizi used za Japani, betri yake haina mfumo wa kuipooza kwa maji, na mwaka 2012 wenye nazo kule Arizona, Marekani, jangwani, walilalamika sana betri zinapungua haraka. Sasa wewe Januari umejaza 100 saa mbili asubuhi, gari linashinda kwenye jua mpaka jioni, halafu unalaumu Mjapani! Chaji usiku kumepoa, na mchana tafuta kivuli hata cha mkungu.

Wanunuzi nao, muuzaji akiwasha wanaangalia chaji imejaa, basi wameridhika. Kwenye Leaf angalia ile safu ya vijimstari vidogo pembeni kabisa kulia, viko 12 gari likiwa jipya, hivyo ndo uzima wa betri, sio chaji. Kikipotea kimoja tu ujue karibu asilimia 15 ya uwezo imeshaenda, yaani cha kwanza ndo kizito kuliko vinavyofuata.

"Miaka mitatu unatupa betri." Hapana. Kampuni nyingi zinatoa waranti ya miaka 8 au kilomita 160,000 kwamba haitashuka chini ya asilimia 70, japo ukinunua used usidhani waranti imekufuata huku. Fasti chaji haiui betri ukiitumia safarini, ila kuirudiarudia siku hiyo hiyo kwa gari lisilo na kipoozeo, betri inachemka.

La mwisho, "ukilaza kwenye chaji usiku kucha italipuka". Gari linakata lenyewe likijaa. Mimi naogopa ukutani zaidi, soketi ya kawaida ikivuta ampea 10 unapata kama kilowati 2.3, Leaf ya kilowati-saa 24 ikiwa tupu hapo ni zaidi ya saa kumi mfululizo, na wewe umechomeka ekstensheni ya buku tano iliyokunjwa chini ya zulia. Weka soketi yenye waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, fundi umeme anaijua hiyo kazi, na ukishika plagi ukakuta inaunguza, zima swichi kwanza ndo uchomoe.