Tanzia si hesabu ya maiti

"Mhusika mkuu anakufa mwishoni, hivyo tamthilia hii ni tanzia." Sentensi hii nimeshaisoma mara nyingi kupita kiasi, na juzi nimeikuta tena kwenye uhakiki ambao kwingineko ulikuwa mzuri.

Tanzia ni utungo, aghalabu tamthilia, unaomwonyesha mtu wa hadhi akianguka kwa tendo lake mwenyewe, nasi tukamhurumia na kujihofia. Basi.

Tatizo naona linaanzia kwenye neno. Magazetini "tanzia" ni tangazo la kifo, kwa hiyo msomaji akilikuta darasani tayari ananusa jeneza. Lakini asili yake ni Kiarabu, taaziya, yaani kumliwaza aliyefiwa, na ndiko tulikopata pia "taazia". Neno lilimlenga aliyebaki, si aliyekwenda. (Iran neno hilohilo ni jina la maigizo ya kuomboleza kuuawa kwa Husein, mjukuu wa Mtume Muhammad, huko Karbala mwaka 680. Kumbe jukwaani lilishapanda zamani.) Wagiriki wao waliita tragodia, "wimbo wa mbuzi", na wataalamu hadi leo wanabishana mbuzi huyo aliingiaje.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeichambua tanzia katika karne ya 4 KK, hakusema lazima mtu afe. Mfano anaourudia sana ni mfalme Oedipus, na Oedipus katika mchezo wa Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, hafi mwishoni: anajitoboa macho. Amesifu hata mchezo ambamo dada anamtambua kaka yake kabla hajamtoa kafara, na kaka akasalimika.

Kinachoniudhi zaidi ni hamartia, neno la Aristotle kwa kosa linalomwangusha mhusika, kufasiriwa kuwa "kasoro ya tabia": kiburi, hasira, tamaa. Kitenzi chake kilitumika kwa mkuki au mshale uliokosa shabaha. Baadaye Agano Jipya la Kigiriki lilitumia neno hilo kwa maana ya dhambi, na nadhani harufu hiyo ndiyo inayotufanya tumsake mhusika kama mkosaji kanisani. Oedipus alimuua mzee njiani bila kujua ni baba yake. Hasira ilikuwepo, sikatai, ila kilichomwangamiza ni kutojua, kisha ukaidi wa kutaka kujua. Mlevi anayegongwa na gari amepata msiba, si tanzia. Msiba ni msiba, haupungui uzito kwa kutoitwa tanzia.

Ndiyo maana "dhamira ya tanzia hii ni kifo" ni jibu lisilotosha. Kifo ni tukio. Dhamira iko katika kile mhusika alichodhani anakijua, na gharama ya kukosea.

Nawe uliyeandika ile sentensi, hujakosea sana, umeanzia mwisho tu. Rudi nyuma kurasa kadhaa, utafute pale alipouachia mshale akiamini kabisa kwamba ameulenga sawasawa.