Kabla Hujalipia Boti ya Kupiga Mbizi, Uliza Nani Anakesha Usiku

Msimu wa likizo ukikaribia napokea ujumbe uleule: "Mwalimu, boti ipi nzuri?" Chini yake kuna picha za kitanda chenye shuka nyeupe, potwe akipita kwenye maji ya buluu, na machweo. Nimefundisha kupiga mbizi na kuongoza safari za boti za kulala, zile ambazo unakula, unalala na kuzama ukiwa humo humo wiki nzima, kwa miaka mingi. Jambo la kwanza ninalotaka kujua kuhusu boti ni hili: watu wakishalala, nani anakesha?

Tarehe 2 Septemba 2019, boti ya wapiga mbizi iitwayo Conception iliungua usiku karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California. Watu 34 waliokuwa chumba cha kulala cha chini walikufa wote. Wachunguzi wa Marekani waligundua kwamba hapakuwa na mtu wa zamu anayezunguka boti, na kwamba njia zote mbili za kutokea chumbani ziliishia kwenye sebule ileile iliyokuwa ikiwaka. Chanzo cha moto hakikuthibitishwa, ila sisi tunaosafiri na taa na kamera tunajua ni betri ngapi huachwa zikichajiwa usiku kucha. Kwa hiyo mwandikie mwenye boti umuulize: betri zinachajiwa wapi, nani yuko zamu saa nane usiku, na njia ya pili ya kutoka chumbani inatokea wapi? Niliwahi kutuma maswali hayo kwa boti mbili. Moja ilinijibu kwa punguzo la bei. Nyingine ilinitumia picha ya ukurasa wa daftari la zamu, saa kwa saa, na saini pembeni. Nilipanda hiyo ya pili.

Ukishapanda, usitosheke na maneno ya mapokezi. Jioni ya kwanza mimi hutoka kitandani hadi sitahani nikiwa nimefumba macho, nikipapasa ukuta, kisha nafungua mlango wa dharura kwa mkono wangu. Safari moja niliusukuma ukakataa kufunguka. Juu yake palikuwa na makreti ya soda. Yaliondolewa palepale, na nahodha alinishukuru, lakini ni nani aliyeyaona kabla yangu?

Kitu cha pili ni oksijeni, na hapa naomba uwe king'ang'anizi. Nitrojeni inayoingia mwilini ukiwa chini hutoka polepole unapopanda. Ikitoka kwa pupa hufanya viputo kwenye damu na kwenye viungo. Mgonjwa akipewa oksijeni tupu, nitrojeni iliyobaki hutoka haraka zaidi, naye anapata nafasi ya kufika kwenye chemba ya shinikizo, yaani chumba maalumu cha kutibia ugonjwa huo wa viputo, akiwa na hali nzuri kuliko angekuwa nayo bila hiyo. Karibu kila kituo kitakwambia oksijeni ipo. Omba uioneshwe. Sanduku lifunguliwe mbele yako, geji isomwe, barakoa ivutwe nje, mtu afungue vali usikie gesi inatoka. Kisha piga hesabu: mtungi wenye lita 400 za gesi, ukitoa lita 15 kwa dakika, hauvuki nusu saa. Kwa boti ya siku iliyo dakika ishirini kutoka gatini huenda ukatosha. Kwa boti iliyoko Tubbataha, Ufilipino, safari ya usiku mzima kutoka Puerto Princesa, hautoshi hata kidogo.

Halafu kuna kuhesabu watu. Januari 1998 wapiga mbizi wawili waliachwa baharini kwenye Great Barrier Reef, Australia, kwa sababu hesabu ilikosewa. Ilichukua kama siku mbili kabla ya kugundulika kwamba hawapo, na hawakupatikana tena. Sikiliza hesabu inavyofanyika: jina linaitwa, mwenyewe anaitikia au anatia saini. Anayenyoosha kidole akipita huku akiongea na mwenzake, huyo hahesabu.

Wageni wengi huudhika wakiulizwa maswali mengi: cheti cha kiwango gani, umezama mara ngapi, mara ya mwisho lini, una pumu? Mimi hufurahi. Kituo kinachokupeleka mita 30 kwenye mkondo mkali bila kutazama daftari lako la mbizi kitafanya vivyo hivyo kwa mwenzako wa kuzama naye, naye akiishiwa hewa atakuja kwako. Nimewahi kumzuia mtu aliyekuwa amelipia kila kitu, hajagusa maji kwa miaka mitano, mpaka tukarudi kwenye maji tulivu kwanza. Alikasirika asubuhi nzima. Ningemzuia tena.

Hewa nayo: tazama bomba la kompresa, mashine inayojaza hewa mitungini, linavuta kutoka wapi. Likiwa karibu na moshi wa injini, kaboni monoksidi itaingia mtungini, na gesi hiyo haina harufu. Boti inayotupa nanga juu ya matumbawe badala ya kufunga kwenye boya sirudi kwake.

Je, lazima boti ya kulala? Kwa Tubbataha, ambako msimu ni takriban Machi hadi Juni tu, au visiwa vya Wolf na Darwin huko Galápagos, hakuna njia nyingine. Penye matumbawe mazuri karibu na pwani, boti ya siku inatosha, na anayeanza ananufaika zaidi, maana kuzama mara tatu au nne kwa siku, siku sita mfululizo, kunachosha na kulimbikiza nitrojeni. Nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, hupunguza mzigo huo, ila ina kikomo chake cha kina: ile yenye oksijeni asilimia 32 haishuki sana zaidi ya mita 33.

Mwisho tazama ratiba ya siku ya kuondoka. Baada ya siku kadhaa za kuzama, pumzika angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mimi hungoja saa 24. Boti inayokuuzia mbizi ya asubuhi na kukufikisha uwanja wa ndege jioni imeshakujibu maswali yote niliyoandika hapo juu.