Mkutano mkuu wa chama Marekani: sheria ya jimbo inaishia wapi?

Watu waliozoea Msajili wa Vyama wa kwetu huniuliza, hivi kule Marekani nani anavisimamia vyama? Sheria za uchaguzi za kule ndo kazi yangu, na ukweli ni kwamba msajili wa aina ile hakuna, kila jimbo lina sheria zake, na ubavu wa jimbo uko kwenye karatasi ya kura, ukishaingia ukumbini kwenye mkutano wa chama unapungua sana.

Chukua Utah. Zamani bila kupitishwa na wajumbe wa mkutano wa chama hutoboi, mwaka 2010 Seneta Bob Bennett, mtu wa mihula mitatu, alikatwa na wajumbe kama 3,500 wa Republican, wananchi wa kawaida wakabaki kutazama. 2014 bunge la jimbo likaleta sheria, wanaiita SB54: ukikusanya saini za kutosha unaingia kwenye mchujo, yaani kura ya wananchi ya kumpata mgombea wa chama, hata wajumbe wakikukataa. Chama kikakimbilia mahakamani, 2018 mahakama ya rufaa ikasema sheria iko sawa. Basi 2024 Gavana Spencer Cox akazomewa mkutanoni, wajumbe wakampitisha mpinzani wake Phil Lyman, kumbe Cox saini zake anazo kibindoni, mchujo ulipofika akashinda.

Jimbo likijitia kupanga mambo ya ndani, hapo ndo linaumbuka. California sheria ilisema mwenyekiti wa chama anakaa miaka miwili tu na lazima wapokezane, leo wa kaskazini kesho wa kusini (sijui nani alikaa akatunga hii), na vyombo vya chama visimpigie debe mtu kabla ya mchujo. 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta yote. Illinois ndo balaa kabisa: 1972 wajumbe 59 wa Meya Daley wa Chicago walichaguliwa na wapiga kura, mahakama ya kule ikawazuia wapinzani wao wasikalie viti, Democratic wakawakalisha hao hao wapinzani kwenye mkutano mkuu wa taifa kule Miami Beach, wakisema kundi la Daley lilivunja kanuni za chama. Kesi ikafika juu, na 1975 chama kikashinda.

Ila tarehe ya jimbo haichezewi. Ohio ilitaka jina la mgombea urais siku 90 kabla ya uchaguzi, yaani 2024 mwisho ilikuwa Agosti 7, na mkutano wa Democratic Chicago unaanza Agosti 19! Bunge la Ohio likasogeza tarehe lakini sheria mpya ingeanza kufanya kazi baada ya ile siku ya mwisho kupita, chama hakikutaka kubahatisha, wajumbe wakapiga kura mtandaoni mwanzoni mwa Agosti, Kamala Harris akawa mgombea kabla ukumbi haujafunguliwa.